Mafundi wa Tumboni mwa Bihogo

Mie nauza chai ya maziwa na vitumbua Pugu Kajiungeni. Jina langu Somoe. Nimezaliwa hapa hapa Pugu, na watu wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao. Leo nautumia kuwasimulia habari ya ng'ombe wa jirani zangu.

Jirani zangu ni watu wa Bukoba. Mume anaitwa Kamugisha. Ni fundi cherehani, na suti zake zinakaa mwilini vizuri, hilo simnyimi. Mke anaitwa Kokuberwa. Mie namwita Koku. Wana mtoto mmoja, Blessing, kwa hiyo wenyewe wanaitana Baba Blessing na Mama Blessing.

Ng'ombe ni wa Koku. Alimpata akiwa ndama mchanga aliyefiwa na mama yake. Alimlea kwa chupa kama mtoto wa mtu. Akampa jina la kwao, Bihogo. Mara ya kwanza nilisikia "muhogo". Nikamuuliza, "Koku, ng'ombe mzima unamwita muhogo?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Kila alfajiri Koku alikuwa akimkamua Bihogo na kuniletea maziwa, mengine akiwauzia majirani. Mie nayachemsha, natia tangawizi, najaza chupa zangu mbili kubwa za chai, naenda kuuza. Jioni Koku anakata majani bondeni na kuyabeba kichwani. Usiku ukipita nyuma ya nyumba yao, unamsikia Bihogo anatafuna taratibu. Ndivyo tulivyoishi.

Siku moja Bihogo akaanza kukohoa. Alikuwa anakohoa wakati wa kula pumba, kisha ananyamaza.

Kamugisha akasema, "Hivyo ni vijidudu."

Kamugisha si mjinga. Tangu utoto amesikia kwenye redio na kliniki: nawa mikono uue vijidudu, chemsha maji uue vijidudu. Basi kichwani mwake kila kijidudu ni adui. Dawa yake aliijua. Akaenda duka la dawa akanunua rangi mbili, vile vidonge vya kuua bakteria vyenye nusu rangi hii na nusu rangi ile.

Hapa mtaani kwetu rangi mbili ni dawa ya kila kitu. Mtu akiumwa jino, rangi mbili. Akikatwa na bati, anafungua kidonge anamwagia unga kwenye kidonda. Hata kuku wakisinzia, kuna watu wanawatilia kwenye maji.

Dada wa dukani akamuuliza Kamugisha, "Mgonjwa ni mkubwa au mtoto?"

Kamugisha akajibu, "Ni mkubwa. Tena mkubwa sana."

Huyo dada angejua mgonjwa mwenyewe ana mkia!

Koku alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Kamugisha akafungua vidonge, akachanganya ule unga na pumba, akamlisha Bihogo. Mkewe aliporudi, akamwambia kwa furaha, "Mama Blessing, nimeshamtibu ng'ombe wako."

"Umemtibu na nini?"

"Rangi mbili. Nimempa nyingi kidogo, si unaona ukubwa wake?"

"Umemuuliza daktari wa mifugo?"

"Kwa kikohozi tu? Acha mambo yako."

Akaendelea kumpa siku zilizofuata. Koku hakupenda, lakini alinyamaza. Alifikiri labda mumewe anajua.

Kikohozi hakikwisha, na ikaja balaa nyingine. Bihogo akaacha majani. Anayanusa, anageuza kichwa. Maziwa yakapungua, nikaanza kupata nusu ya kawaida. Kinyesi chake kikawa maji na harufu yake ilifika mpaka kwangu.

Asubuhi moja Koku alinijia macho mekundu.

"Bi Somoe, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona hivyo?"

"Bihogo hacheui."

Mie sijui ng'ombe. Nikamuuliza maana yake.

"Ng'ombe akishiba analala, anarudisha majani mdomoni, anayatafuna tena. Ndiyo kucheua. Bihogo amelala tu, mdomo umetulia. Tangu nimlee sijawahi kumwona hivi. Naogopa, Bi Somoe. Atakufa."

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema vijidudu ni vigumu. Anataka kumwongezea dozi."

Hapo nikashika simu. Dokta Atuganile, afisa mifugo wetu, ni mteja wangu. Anakunywa chai kwangu kabla ya kazi, na namba yake ninayo. Nikampigia, akasema anakuja.

Kumbe na Kamugisha naye alikuwa ameshapiga simu yake. Hakumwambia mkewe. Aliona ng'ombe anazidi kudhoofu, akampigia Mudathir, mwenye bucha kule chini. Akamwambia aje amchukue kabla hajaanguka.

Mudathir akatangulia kufika. Alikuja na kirikuu, gari lile dogo la mizigo, na kamba begani. Koku alipoiona ile kamba alielewa. Akasimama mlangoni mwa banda.

"Baba Blessing, huyu amekuja kufanya nini?"

Kamugisha akatazama chini. "Mama Blessing, ng'ombe anakufa. Tukisubiri tutakosa vyote."

"Nani amekwambia umuite? Ng'ombe wa nani?"

"Ni wetu."

"Siku ya kuamka usiku kumpa chupa alikuwa wangu. Siku ya kumkatia majani kwenye mvua alikuwa wangu. Leo ya kuchinjwa ndiyo amekuwa wetu?"

Mudathir ni mtu mpole, akasogea pembeni na kamba yake. "Nyie ongeeni kwanza," akasema. "Mie sigombani na mke wa mtu."

Ndipo pikipiki ya Dokta Atuganile ikaingia uani. Ni binti wa Tukuyu, mwembamba, anaongea polepole. Akaniamkia, akawasalimu wengine, kisha akavaa mabuti yake na kuingia bandani.

Alimpima Bihogo joto. Akamsikiliza kifua. Halafu akaweka ngumi ubavuni, upande wa kushoto, akaibana hapo muda mrefu.

"Mama Blessing, njoo uweke mkono hapa," akasema. "Unasikia kitu?"

"Sisikii kitu, Dokta."

"Ndiyo tatizo. Hapa ndipo lilipo tumbo kubwa. Kwa ng'ombe mzima lingekusukuma mkono kila baada ya muda mfupi. La Bihogo limelala. Joto lake lipo sawa, kifua chake hakina ugonjwa. Mmempa nini?"

Koku akamtazama mumewe. Mie nikamtazama. Hata Mudathir akamtazama.

"Rangi mbili," Kamugisha akasema. "Alikuwa anakohoa. Nikataka kuua vijidudu."

"Umefanikiwa," Dokta akasema. "Umeviua."

Kamugisha akainua uso. "Sasa mbona anaumwa?"

"Kwa sababu umeua vile vinavyomlisha. Kaa hapa, fundi, nikueleze. Wewe unashona suti. Mteja akikuletea jora zima la kitambaa, anaweza kulivaa?"

"Hawezi. Mpaka nilikate."

"Unakata na nini?"

"Mkasi."

"Sawa. Majani yana nyuzinyuzi. Ni ngumu, zimeshikana kama jora. Chakula kimo humo humo, lakini kimefungwa. Wewe ukila majani yale hutashiba, maana mwili wako hauna mkasi wa kukata nyuzi zile. Na Bihogo mwenyewe hana."

Koku akashangaa. "Ng'ombe hana? Si kila siku anakula majani?"

"Anakula, lakini anayeyakata si yeye. Tumboni mwake wanaishi bakteria wengi mno, hawahesabiki. Ni vijidudu, ndiyo, ila hivi ni vijidudu vya kazi. Hao ndio mafundi. Wanajishika kwenye unyuzi wa jani, wanatoa vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Kimeng'enya ndicho mkasi wenyewe. Kinaukata unyuzi vipande vidogo vidogo mpaka unakuwa sukari. Bakteria wanakula ile sukari, na wakishakula wanatoa kitu kinachoingia kwenye damu ya ng'ombe na kumpa nguvu. Maziwa unayokamua yanaanzia hapo."

"Na kucheua je?" Koku akauliza.

"Kucheua ni kuwasaidia mafundi. Akitafuna mara ya pili majani yanakuwa madogo, na mate yanazuia tumbo lisichachuke. Sasa rangi mbili ikimezwa, inafikia tumboni humo humo. Haiulizi nani mbaya nani mzuri. Mafundi wakifa, majani yanakaa bila kukatwa. Tumbo linasimama. Ng'ombe anaona ameshiba, hataki kula, na huku ana njaa."

Kamugisha alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kwa hiyo mie ndiye niliyemuua," akasema.

"Hajafa," Dokta akasema.

Mudathir akakohoa kidogo. "Dokta, na mie nifanyeje? Nimchukue?"

"Humchukui. Ng'ombe huyu amekula dawa nyingi. Nyama yake sasa haifai kuliwa na mtu. Na maziwa yake pia hayafai. Tangu alipoanza dawa yalitakiwa yamwagwe. Kuchemsha hakuondoi dawa kwenye maziwa."

Yarabi! Chai yangu! Siku zote zile nilikuwa nauza chai ya maziwa ya Bihogo! Nilimgeukia Kamugisha nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliyasikiliza yote. Alistahili.

Koku akaanza kulia. "Basi Dokta, hauziki, haliwi, hakamuliwi. Tumngoje afe?"

"Hapana. Tutamtafutia mafundi wengine." Dokta akamgeukia Mudathir, ambaye tayari alikuwa anakunja kamba yake. "Kaka, usiondoke. Wewe ndiye ninayekuhitaji. Kesho asubuhi mnachinja?"

"Kila siku tunachinja."

"Mkipasua tumbo kubwa la ng'ombe, yale majani ya ndani mnayapeleka wapi?"

"Yale mavi ya tumboni? Tunatupa."

"Si mavi bado. Yale yamejaa bakteria hai. Kesho nitakuja machinjioni mwenyewe. Mkaguzi wa nyama akishasema ng'ombe aliyechinjwa alikuwa mzima, tutayakamua majani yake kwenye kitambaa safi, tuchukue maji yake, tumletee Bihogo."

Kamugisha akasimama. "Umletee vijidudu? Anywe?"

"Lita nyingi tu."

Mudathir akacheka mpaka akashika ubavu. "Makubwa haya! Nimekuja kumchukua ng'ombe, naambiwa nimletee uchafu wa mwenzake."

"Utaniletea?" Koku akamuuliza. Hakuwa anacheka. "Kaka Mudathir, tafadhali."

Mudathir akaacha kucheka. "Nitaleta, dada. Usilie."

"Kuna shida moja," Dokta akasema. "Bakteria hawa wamezoea joto la tumboni, tena gizani bila hewa. Wakipoa, wanalegea. Wakipigwa na hewa, wanakufa. Nataka chombo kinachotunza joto, tukijaze mpaka juu, tukifunge."

Nikaona wote wananitazama mie.

"Mnanitazamia nini?" nikauliza.

"Bi Somoe," Koku akasema taratibu, "zile chupa zako za chai."

"Chupa zangu! Ninazouzia watu! Zitiwe uchafu wa machinjioni!"

Hakunibembeleza. Alinitazama tu, machozi yanamshuka. Nikamkumbuka anavyonigongea alfajiri na maziwa, hata siku anazoumwa. Nikaenda ndani, nikazitoa zote mbili. "Chukueni," nikasema. "Msinirudishie. Hata mkiziosha kwa maji ya zamzam, mie sizitumii tena."

Kesho yake, jua halijawa kali, wakafika na kirikuu. Chupa zilikuwa katikati ya kiti, Mudathir amezifunga mkanda. Kamugisha alikuwa amekwenda nao machinjioni. Yeye ndiye aliyekamua yale majani kwa mikono yake. Shati lake jeupe lilikuwa limegeuka kijani, na alinuka mpaka mbuzi wangu wakakimbia.

Dokta alifungua chupa. Mvuke ukatoka, na harufu, mama yangu! Mie niliziba pua na khanga. Akachukua mpira mrefu, akaupitisha mdomoni mwa Bihogo mpaka tumboni, akahakikisha umefika sehemu yake.

"Msijaribu hii wenyewe," akatuambia. "Mpira ukiingia njia ya mapafu, ng'ombe anakufa hapo hapo. Hii ni kazi ya daktari."

Kamugisha akashika faneli. Dokta akamimina polepole, chupa ya kwanza, kisha ya pili. Koku alikuwa amemshika Bihogo kichwa, anamsemesha Kihaya.

Walipomaliza, Dokta akasema awekewe majani makavu mazuri na maji safi. Pumba kidogo tu. "Nyuzi ndizo kazi ya mafundi," akasema. "Wape kazi waizoee."

Siku ile Bihogo hakula. Siku ya pili Mudathir akaleta tena, Dokta akamimina tena. Jioni Bihogo akachukua jani moja. Akalishika mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake. Akalimeza. Akachukua jingine.

Asubuhi iliyofuata nilisikia Koku anapiga kelele. Nilikimbia bila viatu. Nilijua amekufa.

Bihogo alikuwa amelala chini, kichwa juu, taya linakwenda huku na huku. Koku amepiga magoti kwenye majani, mkono ubavuni.

"Anacheua, Bi Somoe! Tumbo linanisukuma mkono! Linanisukuma!"

Nikaweka na mie mkono. Kweli, kitu kilijikunja ndani, kikasukuma, kikatulia. Sijui kwa nini nililia. Ng'ombe si wangu. Nililia tu.

Kamugisha alikuja nyuma yetu. Hakuingia. Akasema kutoka mlangoni, "Mama Blessing, nisamehe. Nilimpa dawa bila kuuliza, nikamuita mchinjaji bila kukuuliza."

Koku hakugeuka. "Nimekusamehe," akasema. "Lakini siku nyingine ukitaka kumpa dawa ng'ombe wangu, anza kunywa wewe."

Kile kikohozi Dokta alikipatia sababu. Pumba zilikuwa kavu na zenye vumbi. Bihogo alikuwa akizivuta puani. Sasa Koku anazilowanisha na maji kidogo kabla ya kumpa, na kikohozi kimekwisha bila dawa yoyote. Dokta alisema dawa za kuua bakteria hazikatazwi. Ng'ombe akiumwa kweli, daktari anachagua dawa, anapima, mara nyingi anachoma sindano, na anataja siku ambayo maziwa yatafaa tena.

Kazi ngumu ilikuwa maziwa. Koku alikamua na kumwaga, kila siku, mpaka Dokta aliporuhusu. Tena alipita kwa wateja wake wote akawaeleza ukweli. Wengine walimfokea. Akaondoka. Kuna waliohama wakanunua kwingine, lakini wengi walisema, "Huyu anasema hata lililo baya. Tutamngoja."

Mie nikauza chai ya rangi. Wateja wakalalamika, "Bi Somoe, mbona siku hizi rangi tu?" Nikawajibu, "Muulizeni fundi Kamugisha. Yeye ana rangi mbili." Mtaa mzima ulicheka. Kamugisha naye akacheka, ingawa si sana. Sasa mtu akimjia na habari ya kuwapa mbuzi wake vidonge, anaacha cherehani na kumpa namba ya Dokta.

Siku maziwa yaliporuhusiwa, Koku alinipa chupa mbili mpya. Nikapika chai nyumbani kwake, nzito, yenye tangawizi na iliki. Tukamwita Dokta Atuganile. Tukamwita na Mudathir.

Mudathir alikaa kwenye ndoo karibu na banda. Kikombe cha kwanza Koku alimpa yeye. Bihogo alikuwa ameshiba, amelala kivulini, anacheua. Mudathir akanywa huku anamtazama. Alikunywa mpaka mwisho, akaomba kingine.

"Dada Koku," akasema, "mie nimechinja ng'ombe tangu ujana wangu. Sijawahi kumnywesha hata mmoja."

"Mungu akubariki, kaka."

"Amina. Ila nina ombi." Akaweka kikombe chini. "Huyu akizeeka, siku yake ikifika, mpigieni mwenye bucha mwingine. Mie huyu sitamuweza."